Jicho moja liliona, jingine halikuona

"Utasikia baridi kidogo, mama," nesi aliniambia, na kweli nikasikia baridi. Harufu ikafuata. Siki! Ile ile ninayotilia kachumbari ya Ijumaa, leo nimepakwa mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kupaona.

Akatazama saa ya ukutani. Tusubiri dakika moja, akasema, siki ifanye kazi yake. Dakika moja ni ndefu mno ukiwa umelala chali, miguu juu, khanga imefunika magoti tu, na huna la kutazama ila dari yenye doa la mvua za masika.

Kisha akainama na tochi yake. Akainuka. Akainama tena. Akaita kuelekea mlangoni: "Dada, hebu njoo mara moja."

Yule wa pili alikuwa mtu mzima, miwani imemshuka puani. Akainama naye.

"Hapo saa sita naona weupe," alisema wa kwanza.

"Wapi? Huo si mng'ao wa tochi yako? Mimi sioni kitu."

"Hapo pembeni, kidogo."

"Hamna, mwanangu. Hiyo ni hali ya kawaida."

Mimi nilidhani saa sita ndiyo muda wangu wa kurudi, nikaanza kupiga hesabu kama nitawahi kumchukua mtoto shuleni. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mlango wa kizazi husomwa kama uso wa saa, na huo weupe, dalili ya seli zilizobadilika, kama ulikuwepo, ulikuwa juu kabisa ya duara, pale mishale inapokutana adhuhuri.

Mwenye miwani ndiye mkubwa kazini. Kadi ikaandikwa: rudi baada ya mwaka.

Nikavaa, nikashukuru, nikatoka. Nilipofika kituo cha daladala ndipo swali likanishika. Jicho moja limeona, jingine halikuona.

Mimi narudi nyumbani na lipi?

## Kipo. Halafu?

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimejichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kibrashi laini. Wakaipeleka kwenye mashine ya Xpert, ile ile wanayopimia makohozi ya kifua kikuu, na kwa muda wa kama saa moja tu mashine inasoma aina 14 zenye hatari za HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Jibu langu: kirusi kipo, lakini si namba 16, wala 18, wala 45. Ni kimojawapo katika kundi lililobaki.

Namba 16 na 18 peke yake ndizo zinazobeba kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, kwa hiyo nesi akaniambia nimshukuru Mungu. Nilishukuru, ila nusu nusu.

HPV yenyewe mnaijua, redio zimeshaisema. Kilichonisumbua ni ufinyu wa kipimo chake. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenzake hukutana na kirusi hiki wakati fulani, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mashine inajibu swali moja tu: je, leo kipo? Haijui kama kiliingia mwezi jana au miaka kumi iliyopita. Haijui kama ni mgeni anayepita au ni mpangaji aliyeshaleta vyombo vyake.

Mume wangu aliuliza swali hilo hilo kwa namna yake. "Umekitoa wapi?"

Nilikuwa nimemficha wiki mbili. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna kipimo cha kusema kilitoka kwa nani wala lini, na kwamba kinaweza kukaa kimya miaka mingi bila mtu kujua. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Chai ikapoa mezani. Tumeshayavuka hayo, asiwepo wa kunitumia salamu za pole, lakini neno moja lilibaki kichwani mwangu.

Lini.

## Nilianza kwa kukosea

Nikawa nasoma usiku watoto wakishalala. Katika kusoma nikakutana na neno epijenetiki, elimu ya alama zinazowekwa juu ya jeni zikaamua isomwe au inyamaze. Kwa kuwa ndani yake mna jeni, moyo ulinipasuka. Nikamkumbuka mama mdogo.

Mama mdogo aliishi Pangani. Alianza kutokwa na damu nje ya siku zake, akaenda zahanati, akaambiwa ni UTI, akapewa dawa. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu akabadilishiwa rangi ya vidonge. Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ugonjwa ulikuwa umeshatambaa hadi kwenye kibofu, na kilichobaki kilikuwa mionzi ya kupunguza damu na maumivu. Kwenye matanga yake mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia, "Ukoo ule unao." Sijawahi kulisahau neno hilo.

Basi kwa siku mbili nilitembea nikiamini kwamba ninao.

Siku ya tatu nikarudia kusoma, safari hii taratibu. Alama wanazozizungumzia wataalamu hazikutoka kwa bibi zikaja kwa mama zikanifikia mimi. Zimewekwa ukubwani, ndani ya mwili wa mwanamke mmoja, kwenye eneo la milimita chache. Seli inapogawanyika, zile mbili zinazopatikana hurithi alama za ile ya kwanza. Vitabu vinaziita seli mama na seli binti, na mtu mwenye msiba moyoni akisoma mama na binti anasoma ukoo wake.

Mirathi ipo, ila ni ya seli kwa seli. Mimi na mama mdogo hatumo.

Nilicheka peke yangu jikoni saa saba usiku. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu yule mwanamke wa matangani sitampata tena nimwambie.

## Sukuni

Nilijaribu kumweleza jirani yangu, mwalimu wa chuo cha Qurani, nikashindwa mpaka nilipomkumbusha tunavyofundisha watoto kusoma. Alifu fatha a, alifu kasra i, alifu dhumma u. Chukua kaf, ta, ba, herufi tatu zisizobadilika. Weka irabu hivi, usome *kataba*, ameandika. Weka vile, usome *kutiba*, kimeandikwa. Vingine, *kutub*, vitabu. Herufi hazijaguswa. Vialama vya juu na chini ndivyo vinavyoamua nini kitatoka mdomoni.

"Na sukuni?" aliniuliza.

Hapo ndipo alipolishika jambo kuliko nilivyolishika mimi.

Sukuni ni kile kiduara kidogo juu ya herufi kinachoiambia: wewe usiwe na irabu, tulia. Katika DNA ya mtu mna herufi kama bilioni tatu, na mojawapo ya herufi zake nne, sitosini, inaweza kuvishwa kitu kidogo sana kiitwacho methili, kaboni moja na hidrojeni tatu. Hiki hukaa hasa pale sitosini inapofuatana na gwanini. Vikirundikana mwanzoni mwa jeni, mahali ambapo seli inaanzia kuisoma, jeni ile hunyamaza. Imo, haijakatika, haijafutwa, tahajia ni ile ile, ila haisomwi.

Si kwamba kunyamazishwa ni kubaya. Seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yale yale. Kila moja imepigwa sukuni pale pasipomhusu. Mwingereza Conrad Waddington ndiye aliyelitunga neno epijenetiki mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana, akijaribu kueleza jinsi yai moja linavyozaa mwili wenye seli za kila namna.

Ubaya ni pale sukuni inapowekwa juu ya jeni ya ulinzi.

## Karani aliyetekwa

Hii ndiyo sehemu niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Kila seli inapojinakili, kuna kimeng'enya kinachopita nyuma ya kazi kama karani mwaminifu. Jina lake DNMT1. Anatazama uzi wa zamani: hapa palikuwa na methili, naweka, hapa hapakuwa, naacha. Hana maoni. Ananakili.

HPV inakuja na protini mbili, E6 na E7. Kila anayeandika kuhusu saratani hii huzitaja kwa uhalifu wao maarufu: E6 humpeleka p53, mlinzi wa seli, akavunjwevunjwe, na E7 humfunga mikono RB, yule anayezuia seli zisigawanyike ovyo. Uhalifu wa tatu hausemwi sana. E7 humshika yule karani mwenyewe na kumzidishia kasi, na E6, kwa kumwondoa p53, inafungua njia karani azalishwe kwa wingi. Makarani wanajaa ofisini, wanaanza kuweka sukuni mahali ambapo hazikuwepo.

Zinanyamaza jeni kama CADM1, inayosaidia seli kushikana na majirani zake. Inanyamaza MAL. Inanyamaza FAM19A4. Inanyamaza miR124-2, ambayo haitengenezi hata protini, kazi yake ni kutoa kipande kifupi cha kuzishika breki jeni nyingine. Majina mabaya kama namba za magari, najua.

Lakini hazinyamazi siku moja. Hapo ndipo nilipokaa wima kitandani.

Watafiti wa Amsterdam walipolinganisha wanawake waliokuwa na kirusi kwa muda mfupi na wale waliokaa nacho miaka mingi, waliona kwamba kadiri maambukizi yalivyodumu, alama kwenye CADM1 na MAL zilizidi kurundikana. Vidonda vikongwe vimejaa alama, vichanga vina chache. Mashine ya Xpert inamwona mpangaji. Hizi alama ndizo risiti za kodi, mwezi kwa mwezi.

Swali langu la lini lina jibu. Limeandikwa mwilini mwangu, ila si kwa tarehe.

Na kirusi chenyewe nacho hupigwa sukuni. Jeni zake L1 na L2, zinazotengeneza ganda la kusafiria kwenda kwa mtu mwingine, huzidi kuvikwa methili kidonda kinavyokua. Ukifika kwenye saratani, mara nyingi kirusi hakizai tena virusi. Kimekwama. Hakinufaiki chochote na kifo cha mtu. Nilimchukia kidogo zaidi nilipojua hilo, kama unavyomchukia mwizi aliyechoma nyumba kisha akasahau kubeba hata sufuria.

## Wanawake wa Auckland

Mtu akishaambiwa arudi baada ya mwaka, anataka kujua kusubiri kunagharimu nini. Jibu letu lililo wazi kuliko yote limetoka New Zealand, na sipendi lilivyopatikana.

Kuanzia mwaka 1966, katika hospitali ya National Women's mjini Auckland, daktari Herbert Green hakuamini kwamba mabadiliko makali ya mlango wa kizazi, yale yanayoitwa sasa CIN3, lazima yageuke saratani. Akaamua kuwafuatilia baadhi ya wanawake bila kuwapa tiba ya kutosha. Walikuwa wakiitwa, wakipimwa, wakiambiwa warudi. Wengi hawakujua kwamba wako ndani ya utafiti. Mambo yalifumuka mwaka 1987, Sandra Coney na Phillida Bunkle walipoyaandika jaridani, na mwaka uliofuata ripoti ya jaji Silvia Cartwright ikathibitisha.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2008, watafiti wengine walikaa na mafaili yale wakahesabu. Kati ya wanawake ambao CIN3 yao haikutibiwa ipasavyo, kama 31 kwa kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa wale ambao kidonda kilionekana bado kipo baada ya miaka miwili, ilikuwa nusu.

Niliifunga simu. Nikaifungua tena.

Thelathini na moja kwa mia ni wengi kiasi cha kumfanya yeyote mwenye akili atibu kila CIN3, na ndivyo inavyofanyika. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili usiosemwa kwa sauti: 69 hawakupata saratani ndani ya miaka hiyo. Kwa CIN2, hatua iliyo chini yake, karibu nusu hupona zenyewe ndani ya miaka miwili. Tiba nayo si bure. Ukikatwa kwa waya wa umeme, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati unapanda kidogo. Kwangu mimi niliyefunga kizazi hilo si kitu. Kwa msichana wa miaka 26 aliyeolewa juzi ni kitu.

Darubini inaona seli zimeharibika. Haioni zinaelekea wapi. Kila mwanamke mwenye CIN3 yuko ama kwenye 31 ama kwenye 69, na sote tunapewa dawa moja kwa sababu hakuna aliyejua kututenganisha.

Kwa wiki nzima niliamini methili ndizo zitakazotutenganisha.

## Namba zilizonirudisha chini

Mwanzo zinalewesha. Kipimo cha Waholanzi kinachosoma FAM19A4 na miR124-2 kilijaribiwa kwenye saratani 519 za mlango wa kizazi zilizokusanywa kutoka nchi zaidi ya 25. Kiliziona kama asilimia 98. Kwenye kipimo kingine, kile cha London kinachoitwa S5, wanasoma jeni ya mwanamke, EPB41L3, pamoja na L1 na L2 za kirusi chenyewe. Kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya saratani hii ni mara sita ya wengine, watafiti wa Burkina Faso na Afrika Kusini nao waliipima EPB41L3 wakaona inawatambua wenye vidonda vikali. Kwao hili ni kubwa zaidi, maana wengi hukutwa na HPV, na kipimo kinachosema "kipo" kwa kila anayeingia mlangoni hakikusaidii kuchagua nani wa kwanza.

Halafu nikasoma utafiti mwingine wa Uholanzi. Wanawake 114 wenye CIN2 au CIN3, hawakutibiwa, walifuatiliwa kwa karibu miaka miwili, safari hii kwa ridhaa yao. Waliokutwa hawana alama mwanzoni, takribani robo tatu vidonda vyao vilirudi nyuma.

Waliokuwa na alama?

Nusu navyo vilirudi nyuma.

Nilitegemea ukuta nikakuta pazia. Kama hata mwenye alama ana nafasi moja kwa mbili ya kupona bila kuguswa, basi alama si hukumu. Mwili unaweza kuzifukuza seli zile zikaondoka na sukuni zao zote. Na asiye na alama, mmoja kati ya wanne hakupona ndani ya muda ule.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na mantiki. Nilitaka yule nesi wa kwanza au yule wa miwani mmoja wao awe amekosea kabisa, na sayansi inionyeshe kidole. Sayansi ikanipa nesi wa tatu. Makini kuliko wale wawili, bila tochi, bila kuchoka saa tisa alasiri, lakini bado nesi.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa siku kadhaa. Nilifua mapazia.

## Nta na rangi

Nilichorudia baada ya mapazia si "je, kinabashiri?" bali "kinafanywaje, na nani atakifikia?"

Wanasayansi wanazionaje alama ndogo namna ile? Watengenezaji wa batiki wataelewa haraka. Unapaka nta pale usipotaka rangi, unatumbukiza kitambaa, na rangi inaingia kila mahali isipokuwa chini ya nta. Maabara wanatumbukiza DNA kwenye bisulfaiti. Sitosini isiyo na methili hugeuka ikasomeka kama herufi nyingine, na iliyovikwa methili hubaki ilivyo. Baada ya hapo ni kusoma tu nini kimegeuka na nini hakikugeuka.

Inachukua saa kadhaa, kemikali maalumu, mikono iliyofunzwa, umeme usiokatika. Wenye mashine hizo ni wachache, na kwenye huduma nilizopita mimi hakuna aliyenitajia kipimo hiki, wala sikutegemea.

Uzuri wake ni kwamba sampuli inaweza kuwa ile ile ya kibrashi. Jeni zimo mle mle. Hakuna kulala chali, hakuna tochi, hakuna saa sita.

Sasa nimweke mama mdogo kwenye hesabu hii.

Angeishi leo, Pangani, na kibrashi. Kirusi kipo. Siki inapakwa. Weupe unaonekana, au nusu unaonekana. Ukiuliza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kutibu pale pale bila kusubiri kipimo kingine ni njia inayokubalika: kile kifaa chenye ncha ya moto hugusa kwa chini ya dakika moja, na mwanamke anapanda basi kurudi nyumbani. Wengine watakuwa wamechomwa bila sababu. Ndiyo. Lakini hakuna aliyeambiwa arudi.

Maana mama mdogo hakuwa mtu wa kurudi. Si uzembe. Kila kurudi kulikuwa na nauli, na siku ya biashara iliyopotea, na mtu wa kumwachia watoto, na maelezo kwa mume. Zile safari tatu za vidonge vya UTI zilimaliza akiba aliyokuwa nayo. Mkimletea kipimo cha methili ambacho sampuli yake inasafiri hadi Dar, jibu linakuja baada ya wiki tatu, kisha aitwe, mmempoteza kwa kipimo bora kuliko siki. Mkimletea kinachokaa ndani ya mashine ya kijijini, kibrashi kimoja, jibu moja wakati amekaa kwenye benchi anamnyonyesha mtoto wa jirani, hapo nitapiga vigelegele.

Kwa mwanamke wa Amsterdam anayekumbushwa kwa barua na kwenda kwa baiskeli, alama hizi zinamnunulia ruhusa ya kusubiri kwa amani. Huku kwetu, ambako zaidi ya wanawake 10,000 hugunduliwa na saratani hii kila mwaka Tanzania peke yake, kusubiri ndicho kitu tulicho nacho tele. Ninachokitaka kwenye kipimo ni kipunguze safari. Usahihi nautaka pia, lakini wa pili.

Najua daktari akisoma hapa atatikisa kichwa. Atasema usahihi ndio unaopunguza safari. Huenda. Tuzungumze siku akishamsubiri mama mdogo pale stendi.

## Kadi

Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alichanjwa shuleni. Dozi moja tu siku hizi, tangu mwaka 2024; wale wa 2018, chanjo ilipoanza, walikuwa wa miaka 14 na walichomwa mara mbili. Alirudi na mkono unamuuma, akataka asioshe vyombo. Nilimkubalia.

Mimi nilirudi kwa wale manesi kabla ya mwaka, sikupimwa, nilikwenda kuuliza tu. Yule wa kwanza alinikumbuka. Nilimuuliza kama bado anaamini aliona weupe. Akatazama mlango kwanza. "Mama, mimi niliona," alisema. "Lakini na yeye ana miaka ishirini kwenye kazi hii." Akanisogezea tarehe kutoka miezi kumi na miwili hadi sita, akaandika kwa peni ya bluu juu ya ile nyeusi.

Kadi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Nyuma yake kuna bahasha ya nauli.

Mama mdogo aliacha binti mmoja. Kwetu huyo ni mdogo wangu, tumbo moja na tumbo jirani hatutofautishi. Ana miaka 34, yuko Pangani, hajawahi kupima. Usiku wa ile siku ya sukuni nilimwandikia ujumbe mrefu kuhusu seli mama na seli binti, kwamba si ukoo, kwamba yule mwanamke wa matangani alisema uongo bila kujua. Nikaona vitiki vya bluu. Hakujibu.

Siku nne zikapita.

"Hicho kibrashi kinauma?" aliandika.

Nikamjibu hakiumi. Unajifanyia mwenyewe, nyuma ya pazia.

Kimya tena, siku nzima. Halafu jana, wakati nahariri aya hizi, simu ikalia kidogo mezani.

"Dada, nauli ya kuja huko siku hizi ni shilingi ngapi?"